Matia Mulumba Atafuta Njia ya Kweli

1. Mtoto Aliyetekwa

Mbali upande wa kaskazini-mashariki ya Uvira, nyuma ya milima ya Burundi na Rwanda, liko ziwa jingine kubwa kupita Tanganyika. Ni ziwa Nyanza, ambalo huitwa pia Viktoria. Mto Nili hutoka katika ziwa hilo. Mashariki ya mto ni nchi ya Busoga, na magharibi ni nchi ya Buganda. Leo nchi hizo mbili ni sehemu za Uganda.

Karibu na mwaka 1836, mtoto mwanamume alizaliwa huko Bunya, katika Busoga. Jina lake Kalemba. Siku zile watu wa Busoga hawakulala kwa amani. Mfalme wa Buganda, aliyeitwa Kabaka, alikuwa na nguvu nyingi, na watu wake walivuka mto mara kwa mara kwenda kuteka ng'ombe na watu. Kalemba alikuwa bado mdogo walipokuja kwao. Wakamteka yeye na mama yake, wakawavusha mto, wakawatia katika utumwa.

Mtu aliyetekwa hana neno. Hachagui mahali pa kulala wala kazi ya kufanya. Mwenyewe ni mali ya mwingine, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Kalemba aliuzwa kwa mtu mmoja, jina lake Magatto. Lakini Magatto alikuwa na moyo mwema. Hakumtendea mtoto yule kama mtumwa, bali alimlea nyumbani mwake kama mtoto wa kumzaa.

Mzee huyo alikuwa na jambo moja lililomsumbua moyoni. Baganda walijua jina la Katonda, maana yake Muumba, lakini sadaka zao nyingi waliwapelekea pepo walioitwa lubaale: huyu wa ziwa, huyu wa vita, huyu wa ugonjwa. Mzee aliona kwamba watu walikuwa bado hawajapata ukweli. Aliutafuta, asiuone. Kabla ya kufa alimwambia Kalemba kwamba siku moja watakuja watu watakaofundisha njia ya haki, na ya kuwa akiwaona awafuate.

Mzee akafa. Maneno yake yakabaki katika moyo wa Kalemba kama mbegu ardhini, yakingoja mvua.

2. Kungoja Wageni

Kalemba alikua, akawa mtu mrefu mwenye nguvu nyingi. Kazi aliyopewa aliifanya vema, na wakubwa wakamwamini. Mwisho aliingia katika utumishi wa mkuu wa jimbo la Singo, akapewa cheo cha Mulumba. Tangu hapo watu wengi walimwita kwa jina hilo. Mtoto aliyeletwa kama mateka sasa alikuwa mtu wa kuamriwa na mkuu mmoja tu, na wengi waliamriwa naye. Alikuwa na mashamba, watumishi na wake wengi. Watu walimheshimu.

Lakini hakusahau neno la mzee. Kila aliposikia kwamba wageni wamefika nchini, alitaka kujua wamekuja na mafundisho gani. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Buganda zamani kutoka pwani, wakaleta dini ya Islamu. Hata Kabaka Mutesa alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Mulumba akajifunza dini hiyo. Alisikia habari za Mungu mmoja, naye akafurahi, lakini moyo wake haukutulia.

Mwaka 1877 wakafika Waprotestanti kutoka Uingereza. Mwaka uliofuata akaja mmoja wao, Alexander Mackay, fundi hodari wa chuma na mbao. Mulumba aliwaendea, akasikiliza Habari Njema ya Yesu Kristo, akajifunza kwao kwa muda.

Wakati ule ule msafara mwingine ulikuwa njiani. Mwaka 1878 wamisionari 10 wa Kardinali Lavigerie waliondoka Bagamoyo, wakaanza kutembea kwa miguu kwenda bara. Padri Pascal, mkuu wa wale waliokusudiwa kwenda Tanganyika, alikufa njiani kwa homa. Walipofika Tabora waligawanyika. Wengine walishika njia ya Ujiji, wakaliona ziwa Tanganyika mwezi wa Januari 1879. Ndugu zao walishika njia ya kaskazini kwenda Nyanza. Hivyo mapadri waliofika Buganda na wale waliofika pwani za Tanganyika walikuwa watu wa safari moja. Kundi la Tanganyika lilifika hata Rumonge, ng'ambo ya ziwa, katika Burundi. Huko Padri Deniaud, Padri Augier na msaidizi wao D'Hoop waliuawa tarehe 4 Mei 1881.

Wa kwanza kufika Buganda walikuwa Padri Lourdel na Bruda Amans, mwezi wa Februari 1879. Padri Lourdel alikuwa kijana, mchangamfu, mwepesi wa kujifunza lugha. Walimsikia akiitwa kwa Kifaransa mon père, yaani padri wangu, nao wakamwita Mapera.

Mulumba alikwenda kwa Mapera pia. Alisikiliza, akauliza, akapima aliyoyasikia hapa na pale. Kisha aliamini kwamba hapo ndipo mzee alipotaka afike. Tarehe 31 Mei 1880 aliandikwa kuwa mkatekumeni. Umri wake ulikuwa karibu miaka 44.

3. Vita ya Moyoni

Mtu angeweza kufikiri kwamba Mulumba amefika mwisho wa safari. Kumbe vita yake ilikuwa ikianza. Kuijua njia ni jambo moja, kuitembea ni jambo lingine.

Jambo la kwanza lilikuwa habari ya wake. Katika Buganda heshima ya mkubwa ilionekana katika nyumba yake. Wanawake ndio waliolima migomba, ndio waliopika ndizi za wageni. Mkubwa mwenye mke mmoja alionekana maskini, mtu wa kuchekwa. Tena wanawake wale walikuwa watu, si vyombo vya kutupwa njiani. Mulumba hakuwafukuza kwa ukali. Aliwatafutia riziki na mahali pa kukaa kwanza, ndipo akaachana nao. Alibaki na mmoja tu, jina lake Kikuvwa. Majirani walishangaa. Walisema kwamba Mulumba amerogwa.

Jambo la pili lilikuwa mali. Siku zile wakubwa wengi walitajirika kwa nyara. Walikwenda vitani, wakarudi na ng'ombe, wanawake na watoto wa watu, wakagawana. Mulumba mwenyewe alikuwa ametekwa hivyo pamoja na mama yake. Lakini mtu aliyeonja uchungu aweza kuusahau akipanda cheo, kama wengi walivyosahau. Yeye alikumbuka. Akaacha kutafuta mali kwa njia hiyo.

Jambo la tatu lilikuwa gumu kupita yote, nalo ni majivuno. Mke aweza kuachwa siku moja, na mali siku moja, lakini majivuno hurudi kila asubuhi. Mulumba alikuwa ametoka chini kabisa, akapanda kwa jasho lake. Kila alipopita watu walimwamkia kwa magoti. Ni nani apendaye kuacha kitu kama hicho? Akajifundisha kidogo kidogo kunyenyekea. Katika safari, mtu wa cheo chake hakubeba kitu, watumwa walimbebea. Yeye alijitwika mzigo wake mwenyewe kichwani. Waliomwona walidhani amepotewa na akili. Lakini alitaka kumwiga Bwana wetu Yesu Kristo aliyebeba msalaba wake.

Utumwa wa kwanza aliupata kwa nguvu za wengine. Hawakumwuliza kama anataka. Sasa alikuwa mtu huru, tena mkubwa, akajitia mwenyewe chini ya Bwana mmoja kwa mapenzi yake. Wala hakuyafanya haya kwa siku moja. Aliyafanya kwa miaka miwili mizima, akisali, akijifunza katekisimu, akianguka na kuinuka.

Tarehe 28 Mei 1882, siku ya Pentekoste, Padri Girault alimbatiza. Akaitwa Matia. Rafiki yake Luka Baanabakintu alibatizwa siku ile ile.

4. Miaka Bila Padri

Furaha ya ubatizo haikupita miezi sita. Kabaka Mutesa alikuwa mtu wa kugeuka-geuka, na mapadri waliona hatari. Mwezi wa Novemba 1882 waliingia mitumbwi, wakaenda kukaa Bukumbi, kusini ya ziwa. Wakristo walibaki peke yao. Hapakuwa na Misa, wala Komunyo, wala wa kuungamia.

Jambo kama hili hujaribu imani ya mtu. Anayeshikwa mkono atembea vizuri. Je, akiachwa gizani? Matia angeweza kurudia nyumba yake ya zamani, na hakuna padri ambaye angemwona. Hakufanya hivyo. Yeye na Luka walikusanya Wakristo huko Mityana, katika jimbo la Singo. Siku za Jumapili walisali pamoja. Walifundisha waliotaka kujua dini, waliwatazama wagonjwa, walipatanisha wenye ugomvi. Walipoondoka mapadri, Wakristo wa Mityana walikuwa wachache. Baadaye walizidi, wakahesabiwa kwa mamia.

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akawa Kabaka. Mapadri walirudi mwezi wa Julai 1885. Tangu hapo Wakristo wa Mityana walikwenda kwa miguu mpaka misioni, karibu kilomita 70, wapate kusikia Misa. Matia alikwenda pamoja nao. Wengine leo huona taabu kuvuka kijito kwenda kanisani mvua ikinyesha!

5. Hasira ya Mwanga

Mwanga alikuwa kijana bado. Mwanzoni aliwapenda mapadri. Lakini moyo wake ulijaa hofu. Aliwaogopa Wazungu wasije wakaitwaa nchi yake. Tena alichukizwa kwa sababu vijana Wakristo wa nyumba yake walikataa kufanya naye dhambi. Mshauri wake mkubwa, yule Katikiro, alizidi kumchochea. Mwezi wa Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana aliuawa katika Busoga kwa amri ya Mwanga. Tarehe 15 Novemba aliuawa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa Kabaka, kwa kuwa alimwonya bwana wake juu ya kifo hicho na aliwalinda vijana.

Mwezi wa Mei 1886 moto wa hasira ukawaka kabisa. Karoli Lwanga na vijana wenziwe walifungwa huko Munyonyo. Matia na Luka walikuwa wamefika mji mkuu katika utumishi wa mkuu wao wa Singo. Walijua kwamba wanatafutwa. Njia ya Mityana ilikuwa wazi, na Matia alikuwa na mke na watoto wa kumtamanisha kurudi. Hakukimbia. Tarehe 26 Mei walikamatwa.

Walipelekwa mbele ya Katikiro. Huyo alimtazama Matia, mtu mzima mwenye ndevu, akamdhihaki. Alimwuliza kwa nini mtu wa umri wake anafuata dini ya wageni pamoja na vijana. Matia alijibu kwamba anaifuata kwa kuwa anataka mwenyewe. Katikiro akazidi kumcheka kwa kuwafukuza wake zake, akauliza kama sasa anajipikia chakula mwenyewe. Matia akamwuliza kwa upole kama ameletwa hapo kwa ajili ya kukonda kwake, au kwa ajili ya dini yake. Katikiro alikasirika sana. Akaamuru auawe, tena auawe polepole.

6. Kilima cha Kampala

Siku ya pili, tarehe 27 Mei, wafungwa waliongozwa kwenda Namugongo, mahali pa kuchomea watu. Walipofika kilima cha Kampala ya Kale, Matia alisimama. Aliwaambia wauaji kwamba hakuna haja ya kwenda mbali. Kama ni kufa, na auawe pale pale. Akaagana na Luka, akamwambia kwamba wataonana mbinguni kwa Mungu.

Wauaji walimtenda kama walivyoamriwa. Walimkata mikono na miguu, wakamtesa kwa moto, kisha wakafunga mishipa yake ili damu isitoke upesi, maumivu yawe ya siku nyingi. Wakati wote huo Matia hakumlaani mtu, wala hakuomba kuhurumiwa. Neno lililosikika kinywani mwake lilikuwa jina la Katonda tu. Walipokwisha walimwacha peke yake katika majani, wakaenda zao.

Alilala pale usiku, na mchana, na usiku tena. Jua lilimchoma, nzi walimsumbua, na hakuwa na mkono wa kuwafukuza. Ile tarehe 28 Mei ilipofika, ilikuwa miaka 4 kamili tangu siku ya ubatizo wake. Siku ile ya Pentekoste alikuwa amesema kwamba anajitoa wote kwa Mungu. Sasa hakuwa na cheo, wala mali, wala nguvu, wala mtu wa kumshika. Kilichobaki kwake ni kile alichokwisha kukitoa.

Watu waliokwenda kukata matete walisikia sauti dhaifu. Mtu aliomba maji. Walikaribia, wakamwona, wakashikwa na hofu kuu, wakakimbia bila kumpa hata tone. Hivyo Matia alikunywa kikombe chake mpaka mwisho, kama Bwana wake aliyeona kiu msalabani. Husemwa kwamba alikufa tarehe 30 Mei 1886. Alikuwa na umri wa miaka karibu 50.

Luka Baanabakintu, Karoli Lwanga na wenzao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Wakristo Waanglikana walichomwa pamoja nao. Huko Mityana askari walimwua Noe Mawaggali tarehe 31 Mei, na mke wa Matia na watoto wake walichukuliwa mateka. Ndivyo Matia alivyotoa hata nyumba yake.

7. Mbegu Haikufa

Mwanga alidhani kwamba ameing'oa dini. Lakini watu waliona namna Wakristo walivyokufa, wakataka kujua siri yao. Wakatekumeni wakazidi.

Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza Matia na wenziwe kuwa wenyeheri tarehe 6 Juni 1920. Papa Paulo wa 6 aliwaandika katika hesabu ya watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, mashahidi 22 kwa jumla. Sikukuu yao ni tarehe 3 Juni. Kwenye kilima cha Kampala ya Kale liko kanisa lenye jina la Mtakatifu Matia Mulumba.

Baada ya sikukuu ile ya Oktoba 1964 hazikupita siku 50, damu ya mashahidi ikamwagika pwani ya Tanganyika yenyewe, wakati wa vita vya waasi katika Kongo. Tarehe 28 Novemba 1964 Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Jioni ya siku hiyo Padri Giovanni Didoné na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa kuwa wenyeheri katika mji wa Uvira, na umati mkubwa wa waamini ukafurahi.

Si kila Mkristo ataitwa kufa kama Matia Mulumba. Lakini kila mmoja anaitwa kwenye vita aliyoipiga kabla ya kifo. Mtoto anayesema kweli ingawa atachapwa, anayerudisha kitu cha mwenziwe alichokiokota njiani, anayekubali kubeba mzigo wa mama yake mbele ya rafiki wanaomcheka, huyo amekwisha kuianza. Matia hakupata nguvu siku ile tu aliyosimama juu ya kilima. Alizipata kidogo kidogo, kila siku aliyomtolea Mungu jambo moja alilolipenda.

Maswali

1. Kalemba alifikaje Buganda?
2. Mzee Magatto alimwachia neno gani kabla ya kufa?
3. Taja mambo matatu Mulumba aliyopigana nayo moyoni. Lipi lilikuwa gumu zaidi, na kwa nini?
4. Wakristo wa Mityana walifanya nini wakati mapadri walipokuwa mbali?
5. Utumwa wa kwanza wa Mulumba ulikuwa tofauti gani na utumishi wake kwa Mungu?
6. Mashahidi gani waliuawa Baraka na Fizi mwaka 1964?